Tatu Ndogo

Wiki iliyopita jirani yangu alibomoa ua wake wa makuti ili ajenge wa mawe. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri, na makuti yale makuukuu yalipotupwa kando ya njia yalitoa harufu ambayo sikuwa nimeinusa kwa miaka mingi: harufu ya ukungu, ya vumbi lililolowa, na ndani yake utamu kidogo kama wa dafu lililoanza kuchacha. Nilisimama na kikapu changu mkononi. Waliopita walidhani naangalia kazi ya mafundi, kumbe nilikuwa nasikiliza. Kwangu mimi harufu hiyo ina sauti, nayo ni sauti ya msichana nisiyemwona, anayesema hesabu upande wa pili wa ua.

Wanawake wa rika langu waliolelewa Kisauni watanielewa nikisema kwamba nilitiwa ndani. Nilipovunja ungo, Bibi alinipa leso mpya, akanikalisha juu ya kitanda chake cha kamba, akaniambia kwa upole kabisa, "Sasa we ni mtu mzima. Mlango wa mbele si wako tena." Hakukuwa na ugomvi, wala hakuna aliyenifokea. Sketi yangu ya skuli ilifuliwa, ikapigwa pasi, ikapewa mtoto wa watu wa nyumba ya tatu, nami nikaiona ikipita barabarani kupitia mwanya wa dirisha, imemfika chini ya magoti. Mama alikuwa amefariki nikiwa mdogo sana, kwa hivyo nyumbani tulikuwa watatu: Bibi, mimi, na Baba, aliyeshinda dukani kwake akiuza sufuria na masinia. Baba akenda dukani, tulibaki wawili. Bibi akilala mchana, nilibaki mmoja.

Mchana wa uani ulikuwa mrefu kuliko mchana wa skuli. Palikuwa na sakafu ya saruji iliyopasuka pembeni, jiko, pipa la maji, mlimau usiozaa, na ule ua wa makuti uliotutenga na njia ya bombani. Nilijua kila kuti lilipofungwa kamba. Nilijua saa ngapi kivuli cha mlimau kingefika kwenye pipa. Mtu akiniuliza leo upweke ni nini, sitamwambia habari ya machozi, maana sikulia. Nitamwambia ni kukijua kivuli cha mti namna ile.

Kadzo tulikuwa tumekaa deski moja tangu tulipoanza skuli. Wazazi wake walikuwa Wakristo waliotoka Rabai, wakakaa upande wa Kengeleni, karibu na Frere Town. Yeye hakutiwa ndani. Aliendelea na masomo, na kila jioni mamake alimtuma maji kwenye bomba lililokuwa nyuma ya nyumba yetu. Mara moja aliingia kutuamkia. Bibi alimpokea vizuri, akampa chai ya tangawizi na mkate wa mofa, lakini kila tulipotaja skuli Bibi alikohoa. Kadzo alikuwa na akili. Hakuingia tena. Alitua debe lake nje ya ua, akakwaruza makuti kwa kucha kama panya, nami nikasogea na kuchutama upande wangu.

"Somo! Upo?"

"Nitakwenda wapi?"

Tuliitana somo, kama wasichana wa kwetu wanavyowaita marafiki wa siri zao.

"Leo tumefundishwa kitu kipya," aliniambia jioni moja. "Kina paa."

"Paa la nini?"

"La namba. Kuna kiukuta kifupi kimepinda huku mkono wa kushoto, kisha paa refu lapita juu ya namba. Laitwa ruti." Vitabu vya siku hizi vinasema kipeuo, lakini neno hilo sisi hatukuwa nalo. "Chukua kumi na mbili, uitie ndani. Kisha uivunje. Kumi na mbili ni mbili mara mbili mara tatu, si ndiyo?"

"Ndiyo."

"Basi. Mbili na mbili wamefanana. Wawili wakifanana, washikana mikono, watoka nje mtu mmoja. Nje kuna mbili, ndani amebaki tatu."

"Na tatu atoka lini?"

"Hatoki. Hana mwenzake."

"Hatoki kabisa?"

"Ala, somo! Mwalimu hakusema kabisa wala si kabisa. Amesema hapo ndipo mwisho wa hesabu." Nikasikia debe likipanda kitwani. "Wacha nende, mamangu ataniua."

Kesho yake Bibi alipolala, nilichukua kipande cha kaa jikoni nikaijaza sakafu mapaa. Kumi na nane: tatu akatoka, mbili akabaki. Ishirini: mbili akatoka, tano akabaki. Hamsini: tano akatoka, mbili akabaki. Nilizifanya kwa utaratibu, moja chini ya nyingine, na kila jibu nililirudisha ndani nikazidisha upya nione kama nitaipata namba niliyoanza nayo. Mwishowe, kwa kuwa sikuwa na namba nyingine, niliandika umri wangu. Kumi na tatu. Haikuvunjika. Hakutoka mtu.

Bibi aliamka akasimama mlangoni akijifunga leso. "Hizi talasimu wamwandikia nani?"

"Ni hesabu, Bibi."

"Hesabu gani isiyo na jumla?" Akamwaga ndoo ya maji, na weusi wa kaa ukakimbilia kwenye ufa.

Nilikuwa na umri wa kuamini kwamba kila sheria ya skuli ni sheria ya watu pia. Kadzo aliposema wawili wakifanana hutoka, sikulichukua kama neno la namba. Nililichukua kama habari niliyoletewa mimi. Mwisho wa mwaka ule kulikuwa na mtihani wa kuingia skuli ya wasichana ya bweni huko bara, na mwalimu wa Kadzo alikuwa akiwaandaa wanafunzi wachache baada ya masomo, akiwafundisha mambo ya mbele. Nikapiga hesabu yangu: nikijua kila anachokijua Kadzo, kwa ukamilifu, bila kupungua, tutakuwa tumefanana, na tukifanana tutatoka. Sikumwambia mtu. Nilimwuliza Baba tu kama naweza kuufanya mtihani ule. Alikuwa akivua viatu. Alinitazama, akatabasamu, akasema, "Tutaona, inshallah."

Mtu mzima wa Mombasa akiambiwa "tutaona, inshallah" anajua amejibiwa nini. Mimi nilikwenda kulala nikiwa nimeahidiwa.

Taabu yetu ilikuwa ua. Kadzo hakuweza kunionyesha kitu, aliweza kusema tu, na hesabu zile zilikuwa na namba ndogo zinazokaa juu begani mwa namba kubwa, ambazo mwalimu wao aliziita nguvu. Mbili ikiwa na tatu ndogo begani ni mbili mara mbili mara mbili. Akizisema haraka nilizichanganya. Ndipo nikamfundisha kuhijiza kama tulivyohijiza chuoni, tulipokuwa tukisomeshwa Kurani: kwanza herufi, kisha alama yake. *Be fataha ba, be kasiri bi, be dhumma bu.*

"Sema namba kwanza," nilimwambia, "kisha useme ndogo yake. Mbili, tatu ndogo. Tano, mbili ndogo. Mbele mwenyewe, nyuma alama."

"Mbili tatu ndogo, nane!" Kadzo akaimba kwa sauti ya watoto wa chuoni, akicheka mpaka maji yakamwagika. "Somo, mwalimu akinisikia atasema nimesilimu!"

"Basi utapewa jina. Nikuite nani?"

"Niite Bi Ndogo!"

Tangu siku hiyo hatukukosana tena katika kusema. Jioni moja akaja na jambo kubwa.

"Lile paa," alisema, "leo mwalimu amelibomoa. Asema si kitu. Ni namna ya kuandika tu."

"Namna ya kuandika nini?"

"Nguvu ya nusu."

Bibi alikuwa ametoka katika homa wiki ile, na kila akishika kitasa cha mlango alisema hana nguvu, hana hata nusu ya nguvu zake. Nikamwona tatu aliyebaki ndani: kumbe hakufungiwa, ni mgonjwa.

"Nguvu ya nusu yafanyaje kazi?"

"Nguvu juu ya nguvu, wazidisha. Mbili, mbili ndogo, ukiipa nusu, ile mbili ndogo mara nusu ni moja. Kwa hivyo yatoka mbili kavu. Tatu aliye peke yake ana moja ndogo, na moja mara nusu ni nusu. Abaki na nusu yake."

"Na nikimzidisha na tatu mwingine mwenye nusu?"

Kadzo alifikiri. Nilisikia akikwaruza kuti moja juu chini, juu chini. "Ukizidisha, nguvu wajumlisha. Nusu na nusu..."

"Moja," nikasema.

"Moja. Watoka tatu mzima." Kisha akasema, kwa sauti ndogo, "Mwalimu hajatuambia hiyo."

Siku ile sikuamini mpaka nilipojaribu kwa namba ninazozijua. Nilichukua tisa, nikaipa nguvu ya nusu, ikawa tatu. Kumi na sita ikawa nne. Ishirini na tano ikawa tano. Ilikuwa kweli kila nilipoigusa. Nimesoma mambo mengi peke yangu tangu wakati ule, usomaji wa mtu ambaye hakurudi skuli, anayeanza kitabu katikati kwa sababu hana mwanzo wake. Lakini sidhani kama nimewahi tena kuona kitu kikinyooka mbele yangu namna ile, kwenye sakafu yenye ufa.

Wiki ya mwisho kabla ya mtihani Kadzo hakuja. Mwalimu aliwaweka hadi magharibi, na maji akachota mdogo wake, mtoto asiyejua kukwaruza makuti. Niliketi pale kila jioni hata hivyo. Nilichokuwa nacho nilikirudia, nikijiambia kwamba kama kuna kipya Kadzo ataniletea kabla hatujaingia pamoja.

Usiku mmoja, zikiwa zimebaki siku mbili kufika mtihani, nilimnawisha Baba mikono baada ya chakula. Nilishika birika na karai, na maji yalipokwisha sikuondoka.

"Baba, mtihani ni kesho kutwa."

Bibi alikohoa. Baba alichukua kitambaa akajifuta kidole kimoja kimoja.

"Mwanangu, na ukifaulu?"

"Nitakwenda."

"Bara?"

"Abee, Baba."

"Utapelekwa na nani?"

"Na wewe."

Alicheka, si kwa kunidharau. Kisha kicheko kikamwisha, akawa mtu aliyechoka. "Sikupeleki. Wallahi sikupeleki, hata ukiwa wa kwanza. Ami yako hatakubali, na mimi mwenyewe roho yangu haitaki. Nikikwachia uufanye, nitakuwa nakuhadaa. Bora nikunyime leo, unichukie leo."

"Ulisema tutaona."

"Nilisema, mwanangu," alijibu. "Nilisema."

Sikumchukia. Ingekuwa rahisi zaidi. Nilimwaga maji ya karai kwenye shina la mlimau nikarudi kukunja jamvi.

Siku ya mtihani ilikuwa na jua kali. Niliosha vyombo, nikachambua mchele, nikauchambua tena. Alasiri nikasikia kucha kwenye makuti. Kadzo hakuwa na debe. Alikuja moja kwa moja kutoka skuli, na sauti yake ilikuwa imekauka.

"Somo, chukua kitu uandike. Nimeziweka zote kitwani, ziko juu juu, zitamwagika."

Bibi alikuwa ameketi mkekani mbele ya mlango akisuka ukili. Alitutazama, yaani alinitazama mimi na kuutazama ua. Nilingoja akohoe. Alikusanya miyaa yake taratibu. "Semani polepole," alisema, akiliambia kuti. "Mimi ni mtu mzima, nakwenda kulala." Akaingia ndani, akarudisha mlango nyuma yake.

Nilileta karatasi nene ya kufungia masinia, nikaandika kwa kaa lililochongwa. Kadzo alinisomea mtihani wote kwa namna yetu. Alinyamaza kila baada ya swali, nami nikalifanya palepale, maana aliniambia hilo ndilo la haki, yeye naye alifanya palepale. Nilipomaliza moja nilisema "haya," naye akasoma jingine. Tulikuwa pamoja katika chumba kimoja cha mtihani, na kati yetu makuti.

"La mwisho," alisema. "Mbili, tatu ndogo, ruti ya kumi na sita. Rahisisha."

Nilifurahi, kwa kuwa lilikuwa jepesi. Mbili yenye tatu ndogo ni nane. Ruti ya kumi na sita ni nne. Nane mara nne.

"Thelathini na mbili," nikasema kwa sauti. "Wewe umepata ngapi?"

"Sikuwahi. Kengele ililia nikiwa naliangalia." Akacheka kidogo. "Thelathini na mbili! Hakuna aliyebaki ndani. Somo, wewe ungefaulu kunishinda. Halafu juu kabisa ya karatasi waliandika, majibu ya sehemu hii yaachwe kwa alama ya ruti, lakini hiyo nimesahau kukwambia mwanzo."

"Si kitu," nikasema.

Kadzo alifaulu. Alikuja kuniaga siku ya safari yake, na ingawa mlango wa mbele ulikuwa wazi na Bibi alimwita aingie, alikwenda kusimama nyuma ya ua kama ilivyokuwa ada. Nilisikia viatu vipya vikilia mchangani.

"Nitakuja likizo, somo."

"Inshallah," nikasema, na wakati huo nilikuwa nimekwisha kujua maana yake.

Likizo ya kwanza alikuja akakaa kidogo. Ya pili, wazazi wake walikuwa wamerudi Rabai. Mdogo wake hakupita tena na debe. Mimi nilijifunza kushona kofia.

Siku ya sherehe za uhuru Kisauni yote ilitoka. Ngoma zilianza mapema, malori yakapita yamejaa watu na matawi ya minazi, na hata Bibi alivaa buibui lake la shughuli akaenda kutazama na wanawake wa mtaa. Baba alikuwa amekubali posa ya mtu wa Likoni, na mwari aliyeposwa haonekani barabarani. Nikaachwa na nyumba. Nilisikia kelele zikipanda na kushuka upande wa Kengeleni kama bahari ya watu, nami nikazunguka uani, nikaona sina la kufanya, nikaitoa ile karatasi ya masinia chini ya godoro ili niufanye mtihani upya.

Nilifika swali la mwisho. Thelathini na mbili. Ndipo nikakumbuka: majibu yaachwe kwa alama ya ruti. Thelathini na mbili haina alama yoyote. Aliyetunga mtihani hangesema hivyo juu ya karatasi, kisha akaweka swali ambalo kila mtu ndani yake anatoka.

Nikaliandika swali tena, polepole, kama Kadzo alivyoliona yeye, si kama nilivyolisikia mimi. Mbili. Tatu ndogo. Paa. Kumi na sita. Ile tatu ndogo ilisimama kati ya mbili na paa, haikumgusa huyu wala huyu. Mimi niliyetoka chuoni nilikuwa nimempa aliyetajwa kabla yake, kwa maana ndivyo nilivyomfundisha Kadzo: mbele mwenyewe, nyuma alama. Lakini kama ilikuwa ya paa? Kama paa nalo lina bega? Nguvu ya nusu hutaka wawili waliofanana. Basi iwapo kuna nusu, kwa nini kusiwe na theluthi, na theluthi itataka watatu. Nilijaribu kwa nane, kwa sababu nane naijua: ni mbili, tatu ndogo, na ile tatu ndogo mara theluthi ni moja. Ikatoka mbili. Hakuna aliyenifundisha hilo. Bila shaka Kadzo alifundishwa katika ile wiki ambayo hakuja.

Kisha nikaifanya. Kumi na sita ni mbili mara mbili mara mbili mara mbili, mbili wanne. Watatu wanashikana na kutoka mmoja, wa nne hana wenzake, anabaki. Nje palikuwa na mbili tangu mwanzo. Mbili mara mbili ni nne. Nne nje, na mbili mmoja ndani, chini ya paa lenye tatu ndogo.

Nilitaka kumwambia Kadzo. Nilitaka kumwambia kwamba hatukufanana, kwamba lilikuwepo jambo moja alilolijua na mimi sikulijua, na kwamba sasa nalijua. Lakini sikujua hata skuli yake iko mji gani. Lile jibu langu lilikuwa limekaa karatasini muda wote huo, zima, zuri, limesifiwa. Kama ningelinyamazia, katika nchi nzima iliyokuwa ikishangilia siku ile hapangekuwa na mtu wa kuniambia ni kosa. Nilichonga kaa, nikalikata kwa mstari mmoja kama mwalimu akatavyo, na pembeni yake nikaandika sifuri.